Uwanja Usio na Jina: Mazungumzo juu ya Kutambua Mahali pa Picha ya Kale

Mazungumzo yetu ya leo, ingawa yataanzia mbali sana na pwani yetu, katika viwanja vya mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuutazama kwa macho, yanahusu jambo linalojulikana na kila nyumba yenye sanduku la picha za wazee: picha imepatikana, watu wamo, majengo yamo, kivuli cha alasiri kimelala juu ya mchanga, lakini nyuma yake hapana hata herufi moja, na waliokuwa wakijua wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Je, mahali pale ni wapi? Na mtu akikwambia ni mahali fulani, utajuaje kwamba amesema kweli?

Nimechagua kulijibu swali hilo kwa mfano wa picha za viwanja vya besiboli vya Marekani, nami nina sababu. Katika nchi ile viwanja vingi vya awali vilijengwa kwa mbao, katikati ya miji, aghalabu juu ya ardhi ya kukodi. Vikaungua, vikavunjwa, vikahamwa, hata leo apitaye mahali pale hana dalili ya kumwonyesha kwamba hapo zamani maelfu ya watu walikuwa wakishangilia. Uwanja wa Ebbets Field wa Brooklyn, uliofunguliwa mwaka 1913, ulibomolewa 1960 na mahali pake pakasimamishwa majumba ya kupangisha. Uwanja wa Hilltop Park wa New York, uliotumika kutoka 1903 mpaka 1912, leo ni hospitali. Kwa hivyo picha imebaki na uwanja umetoweka, na picha ambayo mahali pake pametoweka ni ngumu kuliko zote kuitambua.

Kwa faida ya wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo. Uwanja wa besiboli una vituo vinne vilivyopangwa katika pembe za mraba, na baina ya kituo na kituo ni futi 90. Mpigaji husimama na gongo lake katika kituo cha nyumbani. Mrushaji humrushia mpira kutoka mbele yake. Naye mpigaji akiupiga vyema hukimbia kwenda kituo cha kwanza, kilicho upande wake wa kulia, kisha cha pili, kisha cha tatu, hata arejee pale alipoanzia. Nyuma ya mpigaji ndipo penye jukwaa kubwa la watazamaji. Yashikeni haya mawili, wasikilizaji, kwa kuwa tutayahitaji: kituo cha kwanza ki upande wa kulia wa mpigaji, na jukwaa kubwa li nyuma yake.

Na sasa tuitie picha yetu mkononi. Mtu mgeni wa kazi hii hutazama kwanza nyuso za wachezaji, maana ndizo zilizo katikati na ndizo alizozikusudia mpiga picha. Lakini mimi nadai, na nitalirudia tena dai hili kabla ya kumaliza, kwamba mahali hapatambuliwi kwa kile alichokikusudia mpiga picha. Hutambuliwa kwa kile alichokipiga bila ya kukusudia. Paa la nyumba lililojitokeza juu ya ukuta, bomba la moshi la kiwanda, nguzo za reli, mnara wa kanisa, tangazo la duka lililopakwa rangi juu ya ubao, mlima ulio mbali: hao ndio mashahidi wa kweli, kwa sababu hakuna aliyewaleta pale ili waseme. Mchezaji huhama mji kila mwaka, lakini bomba la moshi halihami.

Jambo la kwanza la kuhakikisha, kabla ya kumwuliza shahidi yeyote, ni kwamba picha yenyewe haikugeuzwa. Zamani zile picha zilipigwa juu ya vioo, na kioo kikiwekwa upande usio wake wakati wa kuchapa, kulia huwa kushoto na kushoto huwa kulia. Utajuaje? Tazama mpigaji anakimbilia wapi. Akitoka kituo cha nyumbani kwa kukimbilia kushoto kwake, au herufi za matangazo ukutani zikisomeka kinyume, basi kioo kiligeuzwa, na ukiendelea bila ya kulisahihisha hilo utatafuta uwanja ambao haujapata kuwapo ulimwenguni.

Jambo la pili ni jua. Kitabu cha kanuni za mchezo huo kinapendekeza kwamba mstari utokao kituo cha nyumbani, ukapita kwa mrushaji hata kituo cha pili, uelekee mashariki kwa kukaribia kaskazini kidogo. Kwa nini? Kwa sababu michezo ilichezwa alasiri, na mpigaji aliyeelekea magharibi angelipofushwa na jua huku mpira ukimjia kwa kasi ya kutisha. Taa za umeme hazikutumika katika ligi kuu mpaka mwaka 1935, mjini Cincinnati; kabla ya hapo kila picha ya mchezo wa ligi kuu ni picha ya mchana, na aghalabu ya alasiri, jua likiwa limekwisha kuinama magharibi. Basi ukiona vivuli vya wachezaji vinatoka upande wa jukwaa na kuelekea mbele uwanjani, ujue kwamba uwanja ule ulifuata pendekezo hilo. Na ukiona vivuli vimekwenda upande mwingine, ujue kwamba uwanja ule ulipindwa kwa dharura ya ardhi, kwa kuwa si kila mji ulikuwa na nafasi ya kupanga atakavyo. Hapo umekwisha kuondoa viwanja vingi katika hesabu yako, ilhali hujatoka kitini. Kivuli, wasikilizaji, ni dira iliyochapwa ndani ya picha.

Natumai bado tuko pamoja. Tufike sasa Boston, maana huko ndiko kwenye kisa ninachokipenda zaidi.

Mji wa Boston, mwanzoni mwa karne ya ishirini, ulikuwa na viwanja viwili vya timu kubwa vilivyokaribiana mno, hata kilichovitenga ni njia za reli tu. Upande mmoja wa reli, ule wa kusini-mashariki, palikuwa na uwanja wa South End Grounds, ulioanza kutumika 1871. Upande wa pili, kaskazini-magharibi ya reli, palikuwa na uwanja wa Huntington Avenue, uliofunguliwa mwaka 1901, ambako Oktoba 1903 yalianza mashindano ya kwanza ya ubingwa baina ya ligi mbili kuu za zama hizi, Boston ikicheza na Pittsburgh na mwishowe ikashinda michezo 5 kwa 3. Sasa mtu akikuletea picha isiyo na maandishi, yenye mbao, watu waliovaa kofia, na moshi wa gari la moshi nyuma ya ukuta, akakwambia ni Boston, utajuaje ni uwanja upi katika hivi viwili?

Hapo ndipo jua na reli vinapotoa ushahidi kwa pamoja. Kwa mtu aliyesimama Huntington Avenue reli ilikuwa kusini-mashariki yake, na kwa aliyesimama South End reli hiyo hiyo ilikuwa kaskazini-magharibi yake. Basi ikiwa picha ni ya alasiri, na mwanga waja kwa kuegemea upande ule ule ulio na reli, mwelekeo ni wa South End. Na ikiwa mwanga watoka upande usio na reli, vivuli vikiegemea kwenye reli, mwelekeo ni wa Huntington Avenue. Reli peke yake haisemi kitu, kwa kuwa viwanja vyote viwili viliiona. Kivuli peke yake hakisemi kitu, kwa kuwa jua ni la wote. Lakini viwili hivyo vikisema kwa pamoja, shaka hupungua sana.

Na upo ushahidi ulio wazi zaidi ya huo. Mwaka 1888 wenye uwanja wa South End walijenga jukwaa la fahari, la ghorofa mbili, lililopambwa kwa minara yenye ncha kali, jengo ambalo mtu akiliona mara moja katika picha halisahau. Jengo hilo halikudumu. Tarehe 15 Mei 1894, mchezo ukiwa unaendelea baina ya Boston na Baltimore, moto ulianza chini ya viti vya watazamaji vya upande wa kulia, ukalila jukwaa lote, kisha ukaruka ukuta na kuteketeza majengo zaidi ya 100 ya mtaa ule, na maskini wengi wakalala nje usiku huo. Bima iliyokuwapo haikutosha kulirudisha jukwaa kwa fahari yake ya kwanza. Likajengwa jingine, dogo, nalo likatumika hata mwaka 1914. Basi mnaona? Picha yenye minara ile haikwambii mahali tu, hukwambia na zamani zake pia: ni kabla ya Mei 1894 na si kabla ya 1888. Msiba uliowafika watu wa mtaa ule umekuwa, kwa mtafutaji wa leo, mpaka wa tarehe usiovukika. Nami kila nitazamapo picha ile hukumbuka nyumba zilizokuwa nyuma ya ukuta, ambazo mpiga picha hakuzijali, na ambazo muda mfupi baadaye hazikuwapo.

Na picha za Boston zilifikaje mikononi mwetu? Nyingi ziliokolewa na mtu mmoja mwenye baa, Michael McGreevey, shabiki mkubwa wa mchezo, aliyezitundika juu ya kuta za baa yake hata kuta zikajaa. Na sheria ya kupiga marufuku ulevi ilipoifunga baa yake mwaka 1920, picha zake zilikwenda katika Maktaba ya Umma ya Boston, ambako zimehifadhiwa mpaka hivi leo. Mwenye baa amefanya kazi ya mwanahistoria, na mimi namshukuru. Leo ukienda palipokuwa uwanja wa Huntington Avenue utakuta majengo ya Chuo Kikuu cha Northeastern, na sanamu ya mrushaji mashuhuri Cy Young, iliyosimamishwa mwaka 1993 karibu na pale alipokuwa akisimama kurusha mpira. Na palipokuwa South End Grounds utakuta stesheni ya Ruggles na maegesho ya magari.

Sasa niwatahadharishe juu ya mtego mmoja, nao ni maandishi yenyewe. Mtasema, ikiwa picha ina maandishi, kuna haja gani ya kutafuta? Sikilizeni. Palikuwa na mwandishi wa New York, jina lake George Grantham Bain, aliyeanzisha biashara ya kuwauzia wenye magazeti picha za habari. Vioo vyake vipatavyo 40,000 vimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Juu ya kila kioo yaliandikwa kwa mkono maneno machache sana: jina la mchezaji, na mji. Msomaji akiona limeandikwa jina la mtu na neno Detroit, hudhani picha ilipigwa Detroit. Lakini mji ule aghalabu ni mji wa timu ya mchezaji, na wapiga picha wa Bain kazi yao kubwa ilikuwa hapo hapo New York, wakiwangojea wageni waje kucheza. Ithibati yake ni nini? Ni nguo. Ilikuwa desturi kwamba timu huvaa nyeupe ikiwa kwao na kijivujivu ikiwa ugenini. Basi mchezaji wa Detroit aliyevaa kijivu hayuko kwao, yuko ugenini. Na hapo ndipo utakapoyatazama majengo yaliyo nyuma yake, maana hayo ndiyo yatakayosema kweli pale ambapo maandishi yamekupoteza.

Na hata New York ukishapajua, kazi haijaisha. Timu ya Giants ilikuwa ikicheza katika uwanja wa Polo Grounds, na timu ambayo leo yaitwa Yankees ilikuwa Hilltop Park. Aprili 1911 jukwaa la Polo Grounds liliungua moto, na Giants wakapewa hifadhi na jirani zao huko Hilltop, hata waliporejea kwao tarehe 28 Juni mwaka ule ule. Kwa hivyo picha ya Giants wamevaa nguo nyeupe za nyumbani katika Mei 1911 si ya nyumbani kwao. Ni ya uwanja wa watu. Asiyelijua hilo atakata hukumu kwa haraka, na hukumu yake itanakiliwa na mwingine, na wa tatu atainakili kwa wa pili, mpaka kosa likawa na mashahidi wengi ambao kwa hakika ni shahidi mmoja.

Ukitaka kuhakikisha, wako mashahidi wa karatasi. Kampuni ya Sanborn, iliyoanza kazi 1867, ilichora ramani za maelfu ya miji ya Marekani kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto, kwa kipimo cha inchi moja kwa futi 50, kila jengo likipakwa rangi kwa jinsi lilivyojengwa: la matofali waridi, la mbao manjano. Na kwa kuwa jukwaa la mbao ni hatari ya moto kuliko majengo mengi, wachoraji hawakuliacha. Weka picha yako kando ya ramani ya namna hiyo, utafute bomba la moshi, na kanisa, na ghala, uone kama yamepangika katika karatasi kama yalivyopangika katika picha. Kadhalika soma matangazo yaliyo ukutani, lakini uyachague. Tangazo la tumbaku ya Bull Durham lilikuwapo katika viwanja vya miji mingi, basi halikufai kitu. Tangazo dogo la fundi cherehani wa mtaani, lenye jina lake na namba ya nyumba yake, lina thamani kubwa, kwa kuwa utamkuta katika kitabu cha anwani za mji wake.

Na ikiwa hapana mji? Ikiwa hapana kanisa, wala ghala, wala tangazo? Basi uliza milima.

Februari 1942, katika hofu ya vita, Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri ambayo kwayo watu zaidi ya 110,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, walitolewa majumbani mwao na kufungiwa kambini bila ya kushitakiwa kwa kosa lolote. Kambi moja iliitwa Manzanar, katika bonde kame la California, na ndani yake walikaa watu zaidi ya 10,000. Watu hao, juu ya dhulma ile, walisafisha ardhi kwa mikono yao wakatengeneza viwanja vya besiboli, wakaunda timu, wakacheza. Mwaka 1943 mpiga picha mashuhuri Ansel Adams alifika akawapiga picha, na mwaka 1965 akazitoa kwa Maktaba ya Bunge. Vita vilipokwisha, mabanda ya mbao yaliuzwa na kuondolewa, na mchanga na magugu yakafunika viwanja. Lakini milima ya Sierra Nevada bado iko magharibi ya bonde, na milima ya Inyo bado iko mashariki, na hakuna serikali iwezayo kuibomoa. Mtafutaji hushika picha mkononi, akienda na kurudi jangwani, mpaka vile vilele vipangike mbele ya macho yake kama vilivyopangika katika picha, kilele cha mbele kikifunika cha nyuma kwa kiasi kile kile; akihama mno, mpangilio huvunjika. Watu wa kujitolea wameurudisha uwanja mmoja wa Manzanar mahali pake, wakiongozwa na picha za zamani na alama zilizobaki ardhini, na mwaka 2024 mpira ulichezwa tena pale. Mimi naona hapo ndipo kazi hii inapopata heshima yake kamili, maana kuwatambulia watu wale mahali pao ni kukiri kwamba waliwekwa hapo, na kwamba waliishi.

Nimesema nitarudia dai langu, nami nalirudia: mahali hutambuliwa kwa kile ambacho mpiga picha hakukikusudia. Na naongeza la pili, ambalo makadhi wetu wanalijua tangu zamani: shahidi mmoja hatoshi. Bomba la moshi likisema ni Boston, lipatie mwenzake. Kivuli kikisema ni alasiri, kitafutie cha kukisadikisha. Na mashahidi wako wasiwe wamenakiliana. Ukiwa na mmoja tu, sema ni dhana, uandike dhana. Ukiwa na wawili au watatu wasiojuana, hapo sema yakini.

Mtaniuliza, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu. Mwezi wa Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zake maelfu katika mtandao wa Flickr, zikiwamo za Bain, ikawaomba watu wa kawaida waseme wanachokijua. Na watu wakasema, wakataja viwanja na mitaa, na maktaba ikasahihisha daftari zake. Na katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, iko hazina ya picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki yetu hii, za baina ya mwaka 1860 na 1960, ambazo mtu yeyote aweza kuzitazama kwa intaneti. Nani atakayetambua kichochoro cha Mombasa, au mlango wa Unguja, au gati ya Lamu, kama si mtu aliyekulia hapo?

Basi nawaombeni, wasikilizaji wangu. Wenye wazee waliobarikiwa umri mrefu, kaeni nao juma hili na sanduku la picha, muwaulize moja moja, na jibu mliandike nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi iliyo laini, si kwa wino, maana wino hupenya: majina ya watu, mahali, mwaka, na jina la aliyekuambieni. Mzee asipokumbuka watu, mwulizeni nyumba iliyo nyuma yao ni ya nani.